Barua kwa Mhariri: Riali 40,000 hazikuwa mirathi ya Thuwaini

Ndugu Mhariri,

Makala mliyoichapa karibuni juu ya ugomvi wa watoto wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, imesomwa na wengi, na kwa hilo mnastahili pongezi, kwani si kawaida ya magazeti yetu kufungua nyaraka za karne ya 19. Tatizo ni kwamba mwandishi wenu amekusanya barua za zaidi ya miaka 40, za watu mbalimbali wenye madai mbalimbali, akazisoma kama kesi moja. Akahitimisha kwamba riali 40,000 alizotakiwa Majid, mwanawe aliyetawala Unguja, kumpelekea Thuwaini, mwanawe aliyetawala Maskati, kila mwaka zilikuwa "fungu la mirathi" la kaka mkubwa, na kwamba dada yao Salme bint Said naye alikuja kudai fungu la aina ile ile akadhulumiwa na kaka yao Barghash, aliyetawala Unguja baada ya Majid. Yote mawili hayasimami ukizisoma barua hizo sambamba na hesabu ya mirathi.

Basi tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyokosekana kabisa katika makala.

Seyyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na Shelisheli, akitoka Maskati kurudi Unguja katika meli yake ya Victoria. Kwa hesabu ya Salme, aliacha watoto 36 walio hai, wanaume 18 na wanawake 18, na wote mama zao walikuwa masuria. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni mtoto kamili. Anarithi sawasawa na mtoto wa mke wa ndoa. Suria mwenyewe harithi chochote kwa bwana wake. Anachopata bwana anapokufa ni uhuru wake, ikiwa amemzalia. Kwa hiyo ile sentensi yenu kwamba Majid alikuwa na "haki pungufu kwa upande wa mama" ifutwe, kwani mama yake Thuwaini alikuwa katika hali hiyo hiyo.

Mali ya marehemu haigawanywi siku ya matanga. Kwanza hutolewa gharama za mazishi. Kisha hulipwa madeni yote, hata kama yatamaliza mali. Kisha hutekelezwa wasia, usiozidi theluthi ya kilichobaki. Ndipo warithi wanapokaa. Mke wa ndoa akiwa hai, na marehemu ana watoto, anachukua thumni, yaani moja ya nane, na wakiwa wake wengi wanagawana thumni hiyo hiyo. Saba ya nane zinazobaki ni za watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja.

Wana 18 mara mbili ni 36, ongeza mabinti 18, jumla mafungu 54. Ili thumni ya mke na mafungu 54 vigawanyike bila kubaki kipande, asili ya hesabu, yaani jumla ya sehemu za mali, inakuwa 8 mara 54, yaani 432. Mke anachukua 54. Zinabaki 378, ukigawa kwa 54 unapata 7. Kila binti ana 7 na kila mwana ana 14. Hakikisha: 18 mara 14 ni 252, 18 mara 7 ni 126, ongeza 54 za mke, jumla 432. Kama hakuna mke aliye hai, asili inabaki 54, mwana anapata 2 na binti 1.

Sasa liweke dai la mwandishi wenu juu ya hesabu hii. Fungu la Thuwaini ni 14 katika 432. Fungu la Majid ni 14 katika 432. Fungu la Barghash, Khalifa na Ali, ambao wote walikuja kutawala Unguja, ni 14 kila mmoja. Ukubwa wa umri hauongezi hata senti. Ili fungu la mwana mmoja lifikie riali 40,000, mali halisi ya marehemu baada ya madeni ingepaswa kuzidi riali milioni 1.2, na hapo ni mara moja tu. Mirathi hugawanywa mara moja na ikaisha. Hakuna katika faradhi, yaani sheria ya mirathi, mrithi anayelipwa na mrithi mwenzake kila mwaka, yeye na waliomfuata kitini, bila ukomo.

Basi riali 40,000 zilitoka wapi? Zilitoka kwenye dai jingine kabisa, la utawala, na njia yake inaonekana katika barua ya miaka 12 kabla ya kifo. Tarehe 23 Julai 1844 Seyyid Said alimwandikia Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akimjulisha kwamba baada yake Khalid atatawala nchi zake za Afrika na Thuwaini atatawala Oman na nchi za upande wa huko. Hilal, aliyekuwa mkubwa wao, aliachwa nje. Alisafiri hadi London mwaka 1845 kujitetea, hakufua dafu, akafia Aden mwaka 1851. Khalid naye akafa mwaka 1854, baba yake akamweka Majid mahali pake.

Hapo ndipo penye ufa. Barua ya 1844 inamtaja Khalid, haimtaji Majid. Aliyetaka kumpinga Majid aliweza kusema kwamba mgawanyo ule ulikufa na Khalid, na kwamba Unguja ni tawi la Oman linalorudi kwenye shina lake. Aliyetaka kumtetea aliweza kusema kwamba mgawanyo ulikuwa wa nchi, si wa mtu, na kwamba baba mwenyewe alimpa Majid kiti alipokuwa hai. Majid alikuwa na hoja ya pili, iliyo nzito zaidi kwa anayeijua Oman: kule utawala haukuwa wa mtoto wa kwanza kwa kanuni. Anayeshika ni yule anayekubaliwa na wakuu wa makabila na mwenye nguvu ya kukaa. Watu wa Unguja wamemkubali Majid, basi na liwe. Barua zote hizo hazina neno hata moja la thumni, fungu wala asaba (mrithi anayechukua kinachobaki), na sababu ni kwamba waandishi wake walijua wazi kuwa kiti hakiingii kwenye jedwali la mirathi.

Kilichochanganya mambo ni kwamba Seyyid Said hakuwa na hazina mbili, moja yake na moja ya serikali. Forodha ya Unguja ilikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, na kampuni hiyo hiyo ilimkopesha. Meli alizonunua zilibeba karafuu zake na zilibeba askari. Mashamba yalikuwa yake, lakini mapato yake yalilisha nyumba ya kifalme nzima. Mtu wa namna hiyo akifa, mkadiriaji wa mirathi anakwama kwenye swali la kwanza: manowari ni mali ya marehemu igawanywe kwa watu 36, au ni chombo cha nchi abaki nacho atakayetawala? Deni la kampuni ya forodha lilipwe na warithi wote kabla ya kugawana, au libebwe na mtawala mpya pamoja na forodha yake? Ukisema meli ni za nchi, na deni pia ni la nchi. Huwezi kuchukua meli kama mtawala halafu ukawaachia dada zako walipe deni kama warithi. Katika barua za baada ya 1856 kila upande unafanya hivyo hasa, na msomaji asipokuwa macho hupita bila kuona.

Mara baada ya kifo, mjumbe wa Thuwaini, Muhammad bin Salim, alikuja Unguja na yakapatikana maelewano kwamba Majid apeleke riali 40,000 kwa mwaka. Pande mbili hazikuafikiana yalikuwa maelewano ya namna gani. Thuwaini aliyahesabu kuwa kodi ya tawi kwa shina lake. Majid aliyahesabu kuwa msaada wa ndugu kwa ndugu, unaoweza kusimamishwa. Akausimamisha. Mwanzoni mwa 1859 Thuwaini alitia jeshi majini kuja Unguja, serikali ya Bombay ikamtuma ofisa wake akamrudisha kabla hajafika mbali, na ndugu wawili wakakubali kwa maandishi kwamba shauri lao liamuliwe na Gavana Mkuu wa India. Brigedia Coghlan wa Aden akapewa uchunguzi, pamoja na kasisi Badger aliyejua Kiarabu vizuri.

Hukumu ya Gavana Mkuu huyo, Lord Canning, ni ya tarehe 2 Aprili 1861. Majid anathibitishwa kuwa mtawala wa Unguja na nchi za Afrika. Mtawala wa Unguja atamlipa mtawala wa Maskati riali 40,000 kwa mwaka. Malimbikizo ya miaka miwili, riali 80,000, yalipwe. Na barua yenyewe inaeleza kwamba malipo hayo hayamaanishi Unguja iko chini ya Maskati, wala hayawahusu ndugu wawili hao peke yao, bali yatawahusu na watakaowafuata. Yanamfidia mtawala wa Maskati kwa kuacha madai yote juu ya Unguja, na yanasawazisha tofauti iliyopo kati ya urithi wa mmoja na wa mwenzake.

Nakiri kwamba maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomponza mwandishi wenu, na hakuwa wa kwanza. Lakini tazama Canning anahesabu nini. Anahesabu urithi wa watu wawili. Seyyid Said aliacha watoto 36. Wale 34 wengine hawamo katika barua hiyo, na kutokuwamo kwao kunaonyesha kwamba kinachosawazishwa ni nchi mbili, moja yenye mapato makubwa zaidi ya nyingine. Kama ingekuwa mali ya marehemu, mafungu ya Majid na Thuwaini yalikuwa sawa tangu mwanzo, 14 kwa 14, na hapakuwa na cha kusawazisha. Na kadhi yeyote angeuliza binti wa mwisho wa jumba la Mtoni yuko wapi.

Ushahidi mwingine ulikuja miaka mitano baadaye. Mwaka 1866 Thuwaini aliuawa Sohar na mwanawe Salim, naye Salim akashika kiti. Majid akakataa kumlipa muuaji wa baba yake. Katika mirathi hoja hiyo ingemaliza kazi papo hapo: muuaji hamrithi aliyemuua. Waingereza hawakuikubali, kwa sababu kwao malipo yalikuwa ya kiti kwa kiti, na Salim alikuwa amekikalia kiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 serikali ya India ikajitwika yenyewe malipo hayo kwa Maskati. Hivi kweli kuna mirathi ambayo fungu la mrithi hulipwa na hazina ya serikali ya kigeni?

Hapo hapo nisahihishe jedwali lenu, lililoandika "rupia 40,000". Fedha inayotajwa katika hukumu ni riali ya Maria Theresa, ile ya fedha nyeupe yenye sura ya malkia. Malipo yalipohamia kwenye vitabu vya serikali ya India yaliandikwa rupia 86,400 kwa mwaka, yaani rupia 7,200 kwa mwezi. Gawanya utaona kila riali imehesabiwa rupia 2 na sehemu 16 za mia. Mkiandika rupia 40,000 mmekata malipo zaidi ya nusu, na kila ulinganisho mliojenga juu yake umepinda.

Kabla sijafika kwa Salme, maneno machache juu ya kuzisoma barua hizi, maana makosa mengi ya makala yametokana na tarehe.

Barua za nyumba ya Busaidi, ukoo wa Seyyid Said, ziliandikwa kwa Kiarabu na tarehe zake ni za Hijria. Mwaka 1273 ulianza tarehe 1 Septemba 1856 ukaisha Agosti 1857. Seyyid Said alifariki 19 Safar 1273. Kwa bahati, siku ya mwezi ni ile ile katika kalenda zote mbili. Barua iliyoandikwa "1273" bila mwezi inaweza kuwa ya siku 48 za mwisho za uhai wake au ya miezi kumi baada ya kifo. Huwezi kuiita "ya 1856" kwa kufungua tu jedwali la miaka, kama makala ilivyofanya mara mbili. Tafuta ndani yake namna Seyyid anavyotajwa. Akitajwa kwa dua ya aliye hai, barua ni ya kabla, au mwandishi bado hajapata habari. Akitajwa kwa kurehemewa, ni ya baada. Pia kumbuka siku ya Hijria inaanza magharibi. Barua iliyoandikwa baada ya kuwasha taa inabeba tarehe ya kesho yake, na tofauti ya siku moja kati ya barua ya Kiarabu na kumbukumbu ya konseli wa Kiingereza siyo dalili kwamba mmoja anadanganya.

Jingine ni upepo. Barua ya kutoka Unguja kwenda Maskati kwa dhau husubiri kusi, kuanzia Aprili hivi. Jibu hurudi na kaskazi, Desemba mpaka Machi. Mtu aliyeandika Novemba hakutegemea barua yake ifike Maskati mwezi ule. Meli za moshi na manowari za Kizungu zilivunja utaratibu huo, na ndiyo maana barua zilizopitia konseli zinaonekana "kujibiwa haraka" kuliko zile za ndugu kwa ndugu. Makala inamlaumu Majid kwa "kukaa kimya miezi sita". Miezi sita kwa dhau ni mwendo wa kawaida.

Halafu angalieni mnachosoma ni kitu gani hasa. Barua ya asili ina mikunjo, ina muhuri wa mwenyewe, na mara nyingi ina jina la anayepelekewa kwa nje. Nakala ya kitabu cha ofisi ya konseli haina hata kimoja cha hivyo. Ni tafsiri ya Kiingereza iliyonakiliwa na karani, na mnyororo mrefu wa salamu na sifa kwa kawaida umefupishwa. Mwandishi wenu amefasiri kwa Kiswahili tafsiri ya Kiingereza ya maneno ya Kiarabu, kisha akajenga hoja juu ya "ukali" wa Thuwaini asiyemsalimia mdogo wake. Salamu huenda zilikuwamo mistari minne, karani akaziruka.

Na mwandiko hauthibitishi mwenye maneno. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Salme mwenyewe. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma, hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifunza kwa siri kwa kunakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi. Barghash alipopanga kumpindua Majid mwaka 1859, Salme ndiye aliyekuwa katibu wa njama, kwa sababu aliweza kushika kalamu na hakuna angemshuku msichana wa miaka 15. Barua za njama zilitoka mkononi mwake. Mpango wa kumtoa Majid ulikuwa wa Barghash. Njama ilishindwa, wafuasi wake wakafurushwa kwenye shamba la Marseilles huko Machui kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay.

Sasa dai la Salme. Kwanza, mirathi ya baba yake alishaipata. Ameeleza mwenyewe kwamba alipotimiza miaka 12 alihesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa shamba na fedha taslimu. Kwa hiyo alichodai miaka ya 1870 na 1880 si fungu la Seyyid Said. Ni mafungu ya jamaa waliokufa baadaye, na hapo kila kifo kina jedwali lake. Huwezi kujumlisha majina ya marehemu na kusema "nina haki kwao wote". Kwa kila mmoja unahitaji tarehe ya kifo, orodha ya waliokuwa hai siku ile, daraja ya kila mmoja kwa marehemu, mali na madeni.

Chukua mfano wa kukokotoa. Dada amekufa, hana mtoto, hana mume, mama yake ameshatangulia, na amebakiwa na ndugu wa kwa baba tu, wanaume 8 na wanawake 9. Mafungu ni 16 na 9, jumla 25. Kila dada anapata moja ya 25. Akiwa na mume, mume anachukua nusu kwanza na fungu la dada linashuka kuwa moja ya 50. Akiwa ameacha mtoto wa kiume, ndugu wote hawapati kitu. Akiwa na kaka wa baba mmoja na mama mmoja, huyo anawazuia wote wa kwa baba. Na kuna tanzu inayowashangaza wengi: marehemu akiacha binti na dada wa baba na mama mmoja, binti anachukua nusu, na dada huyo anasimama kama asaba akachukua kinachobaki, hata kaka wa kwa baba wakakosa. Katika nyumba ya Seyyid Said, ambako karibu kila suria alikuwa na mtoto mmoja au wachache, swali la nani ni ndugu wa mama mmoja ndilo lenye kuamua kila kitu. Makala haikuligusa.

Katika madai aliyoyachapa Salme, pamoja na kaka na dada, wamo shangazi yake na mke wa baba yake. Mirathi ya shangazi inakwenda kwa watoto wa kiume wa kaka yake. Mabinti wa kaka hawaingii nao, kwani si asaba na kaka zao hawawavuti. Mke wa baba hana nasaba yoyote na mtoto wa mumewe. Madai hayo mawili yangeanguka mbele ya kadhi hata kama Salme asingetoka Unguja siku moja.

Lakini alitoka. Agosti 1866 aliondoka kwa manowari ya Kiingereza Highflyer, na tarehe 30 Mei 1867, Muharram 1284, alibatizwa Aden na kuolewa siku hiyo hiyo na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Tofauti ya dini ni kizuizi cha mirathi pande zote mbili. Kwa hiyo tarehe hiyo ndiyo mstari. Majid alikufa tarehe 7 Oktoba 1870, upande wa pili wa mstari. Yeyote aliyekufa baada ya hapo, Salme hana fungu kwake kwa sheria waliyoifuata ndugu zake. Aliyekufa kabla ya hapo, dai lake lilikuwa hai, na mtu wa haki angeanza na majina hayo, akaweka majedwali mezani. Barua za pande zote mbili hazikufanya hivyo. Barghash alijibu kama mtawala aliyetukanwa, na Salme aliandika kupitia kwa wafalme na makonseli.

Msimdhani Salme kuwa mjinga kwa hilo. Mume wake alikufa Agosti 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya ugenini. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alikwenda kutaka kumwona. Sir Bartle Frere, ofisa wa Kiingereza, akamshawishi asifanye hivyo kwa ahadi kwamba watoto wake watasaidiwa, halafu akaambiwa ni Wajerumani, serikali yao iwatazame. Agosti 1885 aliletwa Unguja pamoja na kikosi cha manowari za Kijerumani zilizokuja kumbana Barghash juu ya bara. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alipopata alichokitaka, kesi ya Salme haikuwa tena na mwenyewe. Barghash akatoa rupia 6,000, kwa sharti kwamba asidai tena kitu chochote. Akazikataa. Kwa kipimo kile cha rupia 86,400, fedha hizo zilikuwa chini ya malipo ya mwezi mmoja ya Maskati. Aliporudi mwaka 1888, Khalifa akiwa kitini, hakupata kitu. Posho ya pauni 100 kwa mwaka aliyopewa na Sultan Khalifa bin Harub mwishoni mwa maisha yake ilikuwa hisani ya ukoo, nayo isiandikwe kuwa ni malipo ya mirathi, kama mlivyofanya chini ya picha ya ukurasa wa pili.

Naomba, Mhariri, mchapishe masahihisho ya fedha, ya tarehe zile mbili za 1273 na ya maelezo ya picha. Mwandishi wenu akitaka kuendelea, barua za konseli ziko Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani, na majalada ya serikali ya India kuhusu hukumu ya Canning yako London. Karatasi za Salme na mwanawe ziko Leiden, Uholanzi. Akienda Kilimani aombe jalada lenye barua ya Kiarabu kwanza, kisha ndipo afungue kitabu cha tafsiri, na aweke karatasi pembeni yenye safu nne: tarehe ya Hijria kama ilivyoandikwa, tarehe ya Kizungu, nani ameandika kwa niaba ya nani, na dai ni la kiti, la deni au la mirathi. Barua ambayo safu ya nne inamshinda kuijaza, asiinukuu kwanza.

Msomaji wa nyaraka,
Ng'ambo, Unguja